Mtoto wetu njiti, nami naambiwa baba subiri nje

SWALI: Shikamoo sista. Mke wangu kajifungua kabla ya wakati, mtoto ana kilo 1.7, hii wiki ya pili wapo wodini. Mimi naingia saa ya kuona wagonjwa tu, naacha uji natoka. Mwenzangu amechoka jamani, mtoto yuko kifuani usiku na mchana, hata kuoga anaoga mbiombio. Kweli hakuna ninachoweza kusaidia?
Baba njiti, Morogoro

JIBU: Marahaba baba, hongera sana kwa mtoto. Kipo, tena kikubwa. Hiyo kangaruu, yaani kumfunga mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, hata wewe unaweza, joto la kifua chako linamtosha kabisa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilisema njiti akae kifuani masaa 8 mpaka 24 kwa siku, sasa mama mmoja mwenye mshono atayafikishaje peke yake? Na sio mambo ya kubembeleza tu, utafiti uliotoka 2021 wa nchi 5, Tanzania ikiwemo, ulionyesha waliowekwa kifuani mapema vifo vilipungua kwa asilimia 25.

Nenda kwa inchaji wa wodi, ongea naye taratibu. Vitanda vyetu vimebanana na kinamama wengine wanakuwa wamejifunua, ndo maana unatolewa, ila nasi manesi tukubali, mara nyingi tunawatoa kwa mazoea tu wakati pazia na kiti vingetosha. Mwombe akufundishe. Unanawa mpaka kwenye viwiko, unavua shati, mtoto anabaki na kofia, soksi na nepi, anakaa wima katikati ya kifua, kichwa kimegeukia upande, miguu kama chura, kitenge kinafungwa mpaka usawa wa sikio na pua unaiona muda wote.

Niliwahi kumfunga baba mmoja dereva wa bajaji, mikono inamtetemeka, anaogopa hata kuhema. Nusu saa mbele mtoto kalala fofofo, na mama kitanda cha pembeni anakoroma, usingizi wake wa kwanza wa maana tangu ajifungue.

Jifunze pia kumnywesha kwa kikombe maziwa aliyokamua mama. Akigoma kunyonya, akihema mbio, akiwa wa baridi au wa moto, mwite nesi hapohapo usingoje. Bibi yake naye anaweza kushika zamu, ila mwambieni mapema, kumpa mtoto maji hapana.

Kesho nenda na kitenge kisafi kirefu, cha mama najua kimeshalowa maziwa.