Imeili kwa mtu usiyemjua: nilivyompata mteja wa asali Arusha

Juzi mdogo wangu mmoja wa Kaliua kaniandikia, "kaka naomba fomati ya ile imeili uliyomtumia yule mama wa Arusha na mimi nikopi." Namjibia hapa maana najua hayuko peke yake, wote mnaohangaika na asali, mchele, karanga mnataka mnunuzi wa moja kwa moja sio kila msimu kumsubiri dalali aje na bei yake mfukoni. Fomati ya kukopi hakuna kwa kweli, ila ntawaeleza nilivyofanya.

Mimi nilichoka. Kuna kampuni moja, jina silitaji, ilichukua asali yangu ya Sikonge madumu kwa madumu, malipo wakasema baada ya wiki mbili, kila nikipiga simu mhasibu yuko kikaoni, mpaka leo hela yote sijaiona na bado inaniuma. Ndo nikasema ntawatafuta mwenyewe wenye maduka huko mijini niwaandikie. Kijiweni hapa Tabora walinicheka, wanasema bila koneksheni nani atakujibu.

Yule mama ana duka la vyakula vya asili. Kabla sijaandika chochote nilikaa na ukurasa wake wa Instagram mpaka usiku, nikasoma hadi komenti, nikaona mteja analalamika asali aliyonunua nyepesi na imechacha, mwenye duka anaomba radhi. Hapo ndo nikapata pa kuanzia. Asali inachacha ikiwa na maji mengi, kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka unyevu usizidi asilimia 20, na ukivuna masega ambayo nyuki wameshayafunga kwa nta asali inakuwa nzito yenyewe. Yangu nilikuwa nshaipima kwa refraktomita, kile kifaa cha kupimia unyevu wa asali, ikasoma 18.

Kichwa nikaandika: "Asali ya Sikonge unyevu 18%, nikutumie chupa?" Ndani: "Habari za kazi mama. Nimeona mteja wako kalalamika asali kuchacha. Mimi navuna asali ya miombo Sikonge, nimeipima, unyevu ni asilimia 18. Naomba nikutumie chupa moja kwa basi uijaribu, gharama zangu. Nielekeze tu utaipokelea wapi." Jina langu kamili, namba ya simu, basi.

Hamna "husika na kichwa cha habari hapo juu" wala historia ya maisha yangu. Ile YAH ya herufi kubwa tuliyofundishwa shule mpelekee mkurugenzi wa halmashauri, mtu anayesoma imeili kwenye simu huku anahudumia wateja anaona maneno machache tu ya kichwa, akikuta "YAH: OMBI LA USHIRIKIANO WA KIBIASHARA" anapita.

Wiki ikakatika kimya. Nikamkumbusha kwa mistari miwili, chini ya imeili ileile ili asianze kutafuta, bila kumlaumu wala kumuuliza mbona kimya. Jioni akajibu. Sasa hivi kila mavuno anachukua, na hela inaingia kabla mzigo haujapanda basi.

Sasa vijana wenzangu nisikilizeni. Mnaandika imeili moja mnawarushia watu hamsini, wote mmewapanga humo wanaonana majina, halafu mnalalamika watu wana roho mbaya hawajibu. Mwandikie mtu mmoja. Msome kwanza. Omba kitu kidogo cha kujibiwa kwa sentensi moja, ukimwomba "sapoti" au "ushirikiano" hajui akupe nini. Na msome kwanza narudia tena, heshima kwa mtu usiyemjua ni kujua anafanya nini kabla hujamwomba. Mapicha kumi ya mizinga acheni, yanamla bando, na viambatanisho vikizidi MB 25 Gmail haivibebi.

Mimi mwezi huu namwandikia mnunuzi wa Ujerumani, wale wanaagiza asali nyingi sana kutoka nje. Wako nyuma yetu saa mbili kipindi cha baridi na saa moja kiangazi chao, kwa hiyo natuma saa nne asubuhi ya huku aikute anapoingia ofisini. Kiingereza kifupi hivihivi, na asali naipeleka maabara kwanza kabla sijabonyeza kutuma, maana wale watauliza majibu ya vipimo kabla ya bei.