Habu Inayovuma: Maswali ya Wenye Fowili (4x4) Malindi na Viungani

Land Cruiser yangu yavuma nikifika kilomita 60 kwa saa. Fundi mmoja asema ni tairi, mwingine asema ni beringi. Nimsikilize nani? (Malindi mjini)

Usimsikilize yeyote kabla gari halijapanda jeki, ndugu yetu. Ila kwanza sikiliza barabarani. Ukikata kidogo kulia na mvumo ukazidi, uzito umelalia gurudumu la kushoto, basi shuku beringi ya huko, kile chuma cha duara chenye rola au gololi kinacholifanya gurudumu lizunguke laini. Mvumo wa tairi zenye meno makubwa hubadilika ukitoka lami ukaingia mchanga, wa beringi huendelea vile vile.

Kisha inua gurudumu, weka stendi, lishike juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukipotea ni beringi, ukibaki tazama kingpini au boljointi, viungo vinavyoliwezesha gurudumu kukata kona. Mafundi wengi hulikosa jaribio hili la breki, wakafungua habu (kitovu cha gurudumu) nzima bila sababu.

Niliweka beringi mpya za mbele, na baada ya miezi minne zikaanza kucheza tena. Je, niliuziwa feki? (Njia ya Sala)

Feki zipo, lakini mara nyingi beringi huuawa na mkono ulioifunga. Gurudumu la mbele la Land Cruiser ya ekseli nzima (mhimili mmoja toka gurudumu hadi gurudumu), kama ile ya toleo la 80, lina beringi mbili za koni, ya ndani na ya nje. Kila moja ina kikombe chake kilichobanwa ndani ya habu. Fundi akiweka koni mpya (sehemu ya ndani yenye rola) juu ya kikombe cha zamani, rola mpya zinapita kwenye mikwaruzo ya zile za kale na zinaanza kuchubuka siku hiyo hiyo. Vikombe vitolewe kwa patasi ya shaba, ukigonga upande huu na ule kwa zamu. Vipya viingie mpaka vikae chini kabisa. Utasikia mlio wa nyundo ukibadilika.

Osha habu na spindo (mhimili ambao habu huzunguka juu yake) kwa mafuta ya taa, ukaushe vizuri. Usiizungushe beringi kwa upepo wa kompresa: haina grisi, itajikwaruza, na rola zaweza kuruka. Jaza grisi ya lithiamu namba 2 kwa kiganja, ukiisukuma kutoka upande mpana wa koni mpaka itokeze upande wa pili. Kopo la nusu kilo latosha magurudumu yote mawili. Sili ya nyuma (mpira unaozuia grisi kutoka) na washa ya kufungia (bamba linalozuia nati kulegea) ziwe mpya kila mara, ni vitu vya bei ndogo.

Kosa kubwa liko kwenye nati mbili za habu, ya ndani na ya nje. Zahitaji soketi ya mm 54, si patasi na nyundo. Kwa Land Cruiser 80, kaza nati ya ndani hadi Nm 59 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza) na uzungushe habu huku na huku ili rola zikae. Ikaze tena kiasi hicho, kisha uilegeze mpaka izunguke kwa mkono. Sasa ikaze kwa takribani Nm 5.4 tu. Hapo chukua mizani ya kuning'iniza, kama ile ya wauza samaki. Tia ndoano kwenye stadi (boliti) ya gurudumu uvute: habu ianze kuzunguka mizani ikisoma kati ya kilo 2.8 na 5.6. Chini ya hapo imelegea, juu ya hapo itaungua. Weka washa ya kufungia, kaza nati ya nje hadi Nm 64, pima tena kwa mizani, ndipo ukunje sikio moja la washa kwa ndani na moja kwa nje.

Endesha kilomita 10, kisha gusa habu. Vuguvugu ni sawa. Ikikushinda kushika, umekaza mno au breki inang'ang'ania.

Navuta trela ya boti na kuishusha majini Ngomeni. Beringi hazidumu. (Gongoni)

Habu iliyotoka safari ina joto. Ikizama ghafla majini, hewa ya ndani hupoa na kusinyaa, na maji ya chumvi yanavutwa kupitia sili. Acha trela ipoe kwanza, nusu saa hivi. Ukimaliza, mwagia maji ya kisimani, na habu ifunguliwe wiki hiyo hiyo. Ukikuta grisi nyeupe kama tui, imeshaingia maji: iondoe yote, usiongeze nyingine juu yake. Grisi ya kalsiamu hustahimili maji zaidi, lakini usiichanganye na ya lithiamu, maana zaweza kulainika zikavuja. Hali ni hiyo hiyo kwa fowili iliyokatiza mafuriko njia ya Garsen.

Prado yangu haina nati ya kurekebisha. (Mokowe)

Hiyo ina beringi iliyofungwa, haijazwi grisi. Ikivuma hubadilishwa nzima kwa mashine ya presi, ikisukumwa kwenye ringi ile tu inayobanwa. Ukisukuma ringi nyingine, nguvu hupita kwenye gololi na kuacha vishimo. Tazama pia upande wenye sumaku ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kukwama ukifunga breki), ukigeuzwa taa ya dashibodi haizimiki.

Nibadilishe upande mmoja tu? (Mambrui)

Waweza, ikiwa ule mwingine umefunguliwa, ukaoshwa, na rola zake hazina doa wala rangi ya buluu ya kuungua.