Jicho mwaka jana, miguu mwaka huu: kwa dada aliyeuliza kuhusu MS

Dada, umesema mdogo wako ana miaka 26. Mwaka jana jicho la kulia lilififia, akapewa miwani, kisha likarudi lenyewe. Sasa ganzi imepanda kutoka miguuni hadi kiunoni, na nyumbani wanamtafutia mganga kwa sababu, wanasema, ugonjwa wa hospitali hauji na kuondoka. Mimi naishi na maltipo sklerosisi, MS kwa kifupi, na kauli hiyo ndiyo iliyonifanya nikujibu. MS ni ugonjwa wa hospitali, na kwa walio wengi kuja na kuondoka ndiyo tabia yake.

Kinga ya mwili inageuka na kushambulia maielini, yaani ganda la mafuta linalozunguka nyuzi za fahamu kwenye ubongo, uti wa mgongo na mshipa wa fahamu wa jicho. Ganda likichubuka, taarifa zinapita polepole au hazifiki kabisa. Uvimbe ukipoa mgonjwa anapata nafuu, aliyemwombea anashukuriwa, aliyempa dawa ya majani anasifiwa. Miezi au miaka ikipita, linapigwa eneo jingine. Wagonjwa kama 85 kati ya 100 huanza hivyo, wengi wakiwa kati ya miaka 20 na 40, na wanawake ni mara mbili hadi tatu ya wanaume.

Sasa muulize taratibu. Lile jicho lilikuwa linauma akilizungusha? Rangi nyekundu ilipauka upande huo? Mimi kanga yangu nyekundu niliiona kwa jicho moja kama imeanikwa juani mwaka mzima, kwa jicho la pili ilikuwa mpya. Akiinamisha kichwa hadi kidevu kiguse kifua, anasikia shoti ikishuka mgongoni? Mkojo unambana ghafla, au unagoma kutoka? Na uchovu, dada, usiupuuze. Kuna siku nafagia chumba kimoja na mwili unagoma, halafu wanaoniona nina miguu mizima wananiita mvivu. Hilo linaniumiza kuliko ganzi yenyewe.

Joto nalo. Februari hapa Dar macho yangu yanafifia nikitembea juani, nikikaa kivulini yanarudi. Daktari wa Ujerumani, Wilhelm Uhthoff, alilieleza jambo hili mwaka 1890. Homa ya malaria au maambukizi ya mkojo yanaweza kufanya vivyo hivyo: dalili za zamani zinaamka bila shambulio jipya. Ndiyo maana shambulio la kweli huhesabiwa likidumu zaidi ya saa 24, pasipo homa wala maambukizi.

Ila usikimbilie kumwita mgonjwa wa MS. Kuna ugonjwa unaofanana nao sana, neuromaielitisi optika, NMO, nao huwapata watu weusi zaidi kuliko wazungu. Nao unapiga macho na uti wa mgongo, mara nyingi kwa ukali, na wakati mwingine huanza na kwikwi au kutapika kusikokatika kwa siku nyingi. Kuutenganisha ni lazima, kwa sababu baadhi ya dawa za MS, kama interferoni beta na fingolimodi, zinaweza kuuzidisha. Muombe daktari kipimo cha damu cha kingamwili za akwaporini-4, yaani askari wa kinga wanaoshambulia protini ya jina hilo kwenye NMO. Vilevile wapime upungufu wa vitamini B12, VVU na kaswende, na waangalie kama kuna TB ya mgongo. Haya yote yanaweza kuleta ganzi na udhaifu wa miguu.

Anayehitajika ni daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, na kipimo kikuu ni MRI, yaani picha inayopigwa kwa mashine ya sumaku, ya ubongo na uti wa mgongo wote. Pengine watachukua na maji ya uti wa mgongo. Lile tukio la jicho mlieleze hata kama hawajauliza, maana daktari anatafuta ushahidi kwamba sehemu tofauti zilipigwa nyakati tofauti. Akionwa miguu tu, nusu ya habari imebaki nyumbani.

Shambulio likithibitika, kawaida ni dripu ya steroidi, dawa ya kupoza uvimbe, kwa siku tatu hadi tano. Hiyo inaharakisha nafuu, haizuii shambulio lijalo. Kuzuia kuna dawa zake, na rituksimabu iliingizwa mwaka 2023 katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya MS. Dawa ya kuuondoa kabisa bado haijapatikana, na hizi zilizopo bei yake ni nzito, sitakuficha. Lakini kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo zinavyookoa zaidi.

Kama mkojo umegoma au miguu inazidi kulegea, msingoje kliniki, nendeni dharura leo. Majibu ya MRI yakitoka, niandikie walichosema kuhusu urefu wa alama za ugonjwa kwenye uti wa mgongo. Kwenye NMO huwa ndefu, pingili tatu au zaidi. Kwenye MS kwa kawaida ni fupi.