Mnauliza kilomita, hamuulizi upepo: majibu kwa waendesha baiskeli wa Tanga

Maswali ya mara hii ni mengi, na nusu yake ni lile la njia ya Dar. Nimelijibu tena, kwa mara ya mwisho ya mwaka huu.

Nataka kwenda Pangani na kurudi siku hiyohiyo. Ni kilomita ngapi? Nina baiskeli ya gia na nimeanza mazoezi mwezi uliopita. (Msomaji, Makorora)

Kama 50 kwenda, na kurudi nyingine kama hizo. Umeuliza lililo jepesi. Njia ya Pangani haina mlima wa kumtisha mtu. Kinachowamaliza watu kule ni upepo, na sijapata barua hata moja inayoniuliza upepo.

Pangani iko kusini mwa Tanga. Kuanzia Desemba mpaka Machi inavuma kaskazi. Unatoka mjini unasukumwa mgongoni, Tongoni unafika hujaloa jasho, Kigombe unapiga picha na wavuvi, Pangani unaingia ukijiona bingwa. Unakula wali samaki, unajinyoosha kivulini mpaka saa nane. Kisha unageuza baiskeli. Upepo uleule uliokubeba sasa unakupiga kifuani, na wa mchana una nguvu kuliko wa asubuhi. Nimewaona vijana wenye jezi nzuri wakirudi mjini juu ya Fuso, baiskeli zimefungwa kamba pamoja na matenga ya samaki.

Mgeni wa njia hii aende wakati wa kusi, Juni mpaka Agosti, tope la masika likiwa limeshakauka. Utapambana na upepo asubuhi ukiwa na nguvu zako, na jioni kusi itakurudisha nyumbani. Toka kunapopambazuka. Ukitoka saa tatu, usiniandikie.

Na usipite Tongoni kama umefukuzwa. Kuna magofu ya msikiti na makaburi ya zamani yenye nguzo, hatua chache kutoka baharini. Mwaka 1498 moja ya meli za Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama kwenye mwamba upande huo, ikanasuka. Mwaka uliofuata, wakirudi kutoka Bara Hindi, waliichoma moto wenyewe pwani hiihii kwa sababu mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha meli zote. Walikuwa wameondoka Bara Hindi bila kungoja msimu wa upepo, wakateseka baharini miezi mitatu. Wewe unakwenda Pangani tu, lakini kosa ni lilelile.

Kuhusu tairi: njia hii ilikuwa ya vumbi miaka mingi kabla ya lami kuanza kuwekwa. Siku moja kabla, pita stendi uwaulize madereva wa Pangani hali ikoje.

Nikishafika Pangani naweza kuendelea mpaka Saadani? (Msomaji huyohuyo!)

Kwanza nenda Pangani urudi. Kisha, ukitaka, vuka mto uende Bweni na Ushongo, ufuo wake ni mzuri mno. Saadani ni hifadhi yenye simba na tembo, na simba hajui kwamba uko mazoezini.

Njia nzuri ya baiskeli kutoka Tanga mpaka Dar ni ipi? (Watu saba)

Basi. Mpe konda baiskeli aiweke kwenye buti, ukae dirishani.

Ni kilomita kama 350, lakini tatizo si urefu. Ukishafika Segera unaingia kwenye njia ya mabasi na malori ya Moshi na Arusha, na kutoka hapo mpaka Chalinze unagawana nao lami. Basi likikupigia honi kwa nyuma, dereva hakusalimii. Anakuarifu kwamba ameshaamua kupita, na pembeni yako kuna ukingo wa lami ulioliwa na mvua. Najua yupo rafiki yenu aliyefika salama akaweka video. Hamkuona video za waliogeuza njiani.

Nipe njia ya kuanzia, isiyo na magari mengi. (Mwanafunzi, Chumbageni)

Horohoro. Lami mpaka mpakani, kilomita kama 65, na magari yake ukilinganisha na njia ya Segera ni machache. Huna haja ya kuimaliza. Wiki ya kwanza ishia Amboni, kilomita nane tu, uingie mapangoni upoe. Wiki ya pili sogea mbele. Beba maji ya kutosha, maana ukishaacha vijiji vya karibu na mji maduka yanakuwa mbalimbali, na madafu hayapatikani kila unapoyatamani.

Angalia pia singa za katani zinazodondoka kwenye malori ya mkonge. Zinaonekana laini kama nywele, ila zikijizungusha kwenye ekseli ya nyuma utakaa chini ya mwembe nusu saa ukizikata kwa kisu. Mimi siku hizi natembea na kisu kidogo mfukoni kwa ajili hiyo tu.

Baiskeli ya mbio yenye tairi nyembamba inafika Amani? (Msomaji, Muheza)

Inafika, ukiwa umeibeba. Mlima wa mwisho ni mawe na utelezi wa msitu, tafuta tairi nene.

Mimi na wenzangu wanne tunapanda Lushoto kutoka Mombo. Tufanye mazoezi gani ya kupanda? Mmoja wetu ana baiskeli ya Foneksi ya babake, nzima kabisa. (Korogwe)

Kila anayeniandikia kuhusu Lushoto anauliza kupanda. Kupanda mtapanda. Ni kilomita 30 na kitu za lami, mnainuka karibu mita 1,000, mtachoka, mtakaa pembeni, mtakula matunda ya barabarani, mtafika. Aliyeshindwa anashuka na kuikokota, hakuna aibu. Niulizeni kushuka.

Mara yangu ya kwanza nilitoka Lushoto nimebana breki mfululizo, nikijiona mwangalifu. Kabla ya Soni nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Nikasimama, nikagusa rimu kwa kidole kama mjinga. Lengelenge lilitoka palepale, na raba za breki zilikuwa zimelainika kama bazoka iliyotafunwa. Rimu ikipata moto kiasi hicho, hata tyubu inaweza kupasuka, na ikipasuka ya mbele kwenye kona, upande mmoja una jabali na mwingine una bonde.

Kwa hiyo bana, achia, bana, achia, ukitumia ya nyuma na ya mbele kwa zamu. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona, kwa sababu kona zile hazikuonyeshi anayepanda. Soni simameni hata kama hamjachoka, mtazame maporomoko, mnywe chai, rimu zipoe. Mvua ikinyesha, ngojeni ikatike.

Sasa hiyo Foneksi. Kama ni ile yenye breki za vyuma, si za waya, ni nzima kwa Korogwe, siyo kwa mlima huu. Mwenzenu apande nayo akipenda, kushuka ashuke na gari. Akikataa, mwacheni Mombo awalindie mizigo.

Navaa baibui na nataka kuanza kuendesha, lakini nguo inaingia kwenye mnyororo. Tena majirani watasema. (Mama wa watoto wawili, Ngamiani)

Mama, majirani wa Ngamiani walianza kusema kabla mimi na wewe hatujazaliwa, na mama zetu waliendelea kuendesha. Nguo ndiyo ya kushughulikia. Mwambie fundi akufungie kava la mnyororo lililo zima na wavu kwenye gurudumu la nyuma, kila upande. Upindo wa kulia, ulio upande wa mnyororo, ukunje uubane kwa kibanio cha nguo. Chagua baiskeli isiyo na bomba la juu, na kiti kishushwe mpaka vidole vya miguu viguse chini.

Mwezi wa Ramadhani nifanye mazoezi saa ngapi?

Saa moja kabla ya magharibi, mitaa ya karibu na nyumbani. Anayekwenda Muheza na kurudi huku amefunga anatafuta sifa.

Taa ya simu inatosha kwa usiku? (Pongwe)

Haitoshi. Ya mbele inakusaidia wewe kuona shimo, ya nyuma nyekundu inamsaidia dereva kukuona wewe, na simu uliyoifunga kwenye usukani haina ya nyuma. Wiki iliyopita, hapohapo kwenu Pongwe, baada ya isha, nilikuwa narudi mjini. Mbele yangu alikuwapo mzee mwenye magunia mawili ya mkaa, hana taa wala kioo cha kung'aa, shati jeusi. Nilijua yupo kwa sababu alikohoa.