Kona ya Fundi: Taa ya oili inapepesa, nifungue injini?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1968 niliyoachiwa na marehemu baba. Napanda nayo kutoka Mombo hadi Lushoto bila shida, lakini nikifika sokoni nikasimama, ile taa ya kijani ya oili inaanza kupepesa. Nikipiga resi kidogo inazima. Asubuhi injini ikiwa ya baridi siioni kabisa. Oili ipo, nimepima kwa kijiti. Fundi wa hapa anasema beringi za krenki zimekwisha, injini yote ifunguliwe. Nilishaanza kutafuta mteja wa ng'ombe, nikaona nikuulize kwanza.
Mwenye gari la urithi, Lushoto

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Ng'ombe asiuzwe bado.

Huyo fundi wako huenda anasema kweli, simpingi. Ila amerukia jambo la mwisho kabla ya kupita ya mwanzo, na hilo la mwisho ndilo ghali kuliko yote. Fundi anayetangaza beringi zimekwisha bila kufunga geji ya presha anacheza bahati nasibu kwa pesa yako.

Fungua mfuniko wa injini huko nyuma, itazame distributa, kile kigawa umeme wa plagi. Kushoto kwake, ndani kidogo, karibu na bati la feni, kuna kidude kifupi cha chuma chenye waya mmoja mwembamba uliochomekwa kichwani. Ndiyo swichi ya oili. Ndani yake mna kiwambo chembamba. Oili ikikosa nguvu, chuma kinagusa chuma, umeme unapata ethi, yaani njia ya kurudi, kupitia mwili wa injini, taa inawaka. Oili ikikisukuma kiwambo, vyuma vinaachana, taa inazima.

Sasa sikia namba, maana hapa ndipo watu wanapopotea. Swichi ya Beetle inaizima taa presha ikifika mahali fulani kati ya psi (pauni kwa inchi ya mraba) 2 na 6. Injini yenye afya, oili ikiwa ya moto na mizunguko ikiwa 2,500 kwa dakika, haitakiwi kushuka chini ya psi 28. Umeona pengo hilo? Taa inaweza kuzima vizuri tu huku injini inakwenda na psi 10 pale ilipostahili kuwa na 28. Na upande wa pili, ikikuwakia ukiwa kwenye mwendo, presha karibu haipo. Hapo sogea pembeni uzime injini, hata kama ni kwenye kona za Soni na mvua inanyesha. Usiseme utafika kwanza nyumbani.

(Rangi nayo inaponza watu. Vijana wameshazoea kwamba kijani maana yake salama. Kwenye Beetle za miaka hiyo nyekundu ni ya jenereta, kijani ni ya oili, na kijani ndiyo inayoua injini.)

Turudi kwako. Kuna kitu kimoja naweza kukitoa kwenye orodha nikiwa hapa hapa Tanga, nacho ni waya. Waya uliochubuka na kugusa bodi haujui kama injini ni ya moto au ya baridi. Ungekusumbua asubuhi vilevile. Yako inakuja injini ikiwa imechemka na mizunguko iko chini, inaondoka ukipiga resi. Hiyo ni presha iliyo mpakani, au ni swichi iliyochoka inayotaka presha kubwa kuliko inavyopaswa ndipo iachie.

Anza na yasiyo na gharama. Mizunguko ya injini inayowaka, gari likiwa limesimama na gia haina, iwe kama 850 kwa dakika. Wengi wanaishusha ili kubana mafuta, injini inaunguruma kama imesinzia, na pampu ya oili nayo inazunguka kivivu. Ongeza kwa skrubu ya kabureta uone taa inasemaje. Pili, oili gani umeweka? Maduka ya sasa yamejaa oili nyepesi za magari mapya, 5W-30 na wenzake. Hii ni injini inayopozwa kwa hewa, haina rejeta, na kile kipande cha Mombo hadi Lushoto ni mlima mtupu. Mimi Beetle ya huku naiwekea 20W-50 au namba 40, lita mbili na nusu, naimwaga kila kilomita 5,000 bila kungoja iwe nyeusi. Haina filta ya karatasi, ina chujio la wavu tu chini ya tumbo, kwa hiyo uchafu wote unaogelea humo humo.

Ukishafanya hayo na taa bado inapepesa, tafuta geji. Endesha mpaka injini iwe ya moto kabisa, zima, fungua swichi, funga geji mahali pake, washa tena. Jihadhari na mikono, pale pana joto. Kwa kukadiria, kila mizunguko 1,000 ikupe kama psi 10. Ukisoma psi 8 au 9 injini ikiunguruma bila gia wala resi, na zaidi ya 28 kwenye 2,500, injini yako ni nzima: nunua swichi mpya, mpe salamu fundi wako.

Ukisoma chini ya hapo, bado usifungue injini. Ingia chini ya gari. Upande wa kushoto, kwenye ncha yenye puli, kuna plagi kubwa yenye mfereji wa bisibisi. Nyuma yake kuna springi na pistoni ndogo, vali ya kupunguzia presha. Pistoni hiyo ikikwama chini inaachia oili irudi zake na presha inashuka. Ikikwama juu, oili ya baridi inakwenda na nguvu zote kwenye kipozeo cha oili na kukivujisha. Itoe, isafishe, isugue taratibu kwa msasa laini kama ina mikwaruzo, irudishe ikiwa inateleza yenyewe. Kazi ya saa moja. Ikishindikana hapo, basi ndiyo mzungumze habari za pampu na beringi, na ng'ombe.

SWALI: Habari za kazi Fundi. Nimenunua Beetle kwa mtu hapa Dar es Salaam. Gari safi, rangi mpya, ila taa ya oili haijawahi kuwaka tangu niichukue. Muuzaji anasema ni kwa sababu injini ni nzuri. Ni kweli?
Mnunuzi mpya, Ukonga

JIBU: Salama ndugu yangu. Si kweli hata kidogo, na ningekuwa na wewe siku ile ya kununua ningekuambia uondoke.

Injini ikiwa imezimwa hakuna presha, kwa hiyo ukizungusha ufunguo bila kupiga stata, taa ya oili ni lazima iwake. Isipowaka, kuna kilichokufa au kuna aliyeiua. Nimeshakutana na waya uliochomolewa kwenye swichi na kufungwa tepu nyeusi kwa ustadi mkubwa, ukafichwa nyuma ya distributa. Mtu anayefanya hivyo alikuwa anaiona taa ikiwaka.

Chomoa waya kwenye swichi, kama upo. Zungusha ufunguo, kisha gusisha ncha ya waya kwenye chuma kisafi cha injini, si kwenye rangi wala kutu. Taa ikiwaka, balbu na waya ni vizima, mwenye kosa ni swichi. Isipowaka, balbu imeungua au waya umekatika njiani. Toa balbu kwanza, iko nyuma ya saa ya spidi, inafikika kutokea chini ya boneti ya mbele. Hakikisha ni ya volti 12 kama gari ni la volti 12, maana Beetle za zamani zaidi zilikuwa za 6 na balbu zake bado zinazunguka madukani. Ukiweka ya 6 inaungua mara moja.

Kwa faida ya wengine, lenye taa isiyozima linapimwa kinyume. Chomoa waya ufunguo ukiwa umewashwa. Taa ikizima, waya ni salama. Ikiendelea kuwaka huku waya unaning'inia, umechubuka mahali na unagusa bodi.

Jambo la tepu. Mafundi wengi wanaviringisha ile tepu nyeupe ya mafundi bomba kwenye uzi wa swichi, zile hatua zake za skrubu, ili isivuje. Swichi hii inapata ethi kupitia uzi huo huo. Ukiijaza tepu unaweza kuinyima ethi, na vipande vikikatika vinaingia kwenye njia za oili. Uzi wake umechongwa mwembamba kwa mbele, unajibana wenyewe kadiri unavyoingia. Na usikaze kwa hasira mpaka kichwa kigote! Mwili wa injini ya Beetle ni magnesi, laini, ukipasuka pale hapana wa kukuchomelea kirahisi. Ikishika barabara, acha.

Ukishaifufua taa yako, fanya kipimo cha geji nilichomweleza mwenzako wa Lushoto. Wewe unakihitaji kuliko yeye.

SWALI: Fundi, hapa Morogoro swichi ya Beetle sipati. Naweza kufunga ya Golf?

JIBU: Uzi unaweza kuingia, kwa kuwa zote zina unene wa milimita 10 na hatua ya uzi ya milimita 1. Isome kwanza namba iliyopigwa juu yake. Golf nyingi za miaka ya 80 zina swichi mbili, moja ya bar 0.3 (kama psi 4) na nyingine ya bar 1.8 (kama psi 26). Ya 0.3 itakufaa. Ya 1.8 inafanya kazi kinyume, inawasha presha ikipanda, utaona taa inawaka barabarani na kuzima ukisimama, uchanganyikiwe bure. Swichi ya lori usiiguse.

SWALI: Assalamu alaikum mzee. Beetle yangu haipungui oili, inaongezeka. Kijiti kinaonyesha imepita alama ya juu na sijaongeza chochote. Na taa ya oili imeanza kuwaka nikisimama kwenye foleni Likoni.
Abdalla, Mombasa

JIBU: Waalaikum salaam. Chomoa kijiti ukinuse. Ukipata harufu ya petroli, usiliwashe tena hilo gari.

Pampu ya petroli ya Beetle imekaa juu ya mwili wa injini yenyewe, inasukumwa na fimbo inayotoka ndani. Kiwambo chake kikitoboka, petroli inateremka moja kwa moja kwenye oili. Oili inakuwa maji, presha inaanguka, taa inawaka, na wewe unaweza kununua swichi kila wiki bila nafuu. Kama pampu ni nzima, angalia sindano ya kabureta. Tangi la Beetle liko mbele, juu kuliko injini, na ukiegesha pua ikitazama juu, petroli inajiteremkia yenyewe usiku kucha kupitia sindano isiyoziba, inashuka kwenye silinda hadi chini.

Weka pampu mpya au sindano mpya kulingana na utakachokikuta. Mwaga oili yote ukiwa mbali na jiko na sigara, fungua chujio ulisafishe, weka gasketi mpya pande zote mbili za wavu, jaza oili safi. Egesha siku mbili, pima kijiti tena kabla hujaenda popote. Kimo kikibaki pale pale na taa bado inawaka, niandikie, na uniambie geji imesoma ngapi.