Kishikio Kipi cha Mbele Kinaifaa Shotgani Fupi?

SWALI: Mhariri, mimi ni Mtanzania ninayeishi Houston, Texas, na nimenunua kihalali Mossberg 590 Shockwave ya geji 12 (kipimo cha upana wa tundu la mtutu) kwa ulinzi wa nyumba. Kishikio chake cha mbele, kile cha kukokia, yaani kinachosukumwa nyuma na mbele ili kutoa ganda na kuingiza risasi mpya, kilikuja na kamba inayopita juu ya mkono, nami naona inanichelewesha ninapotaka kuchukua risasi nyingine. Rafiki yangu ananishauri nikiondoe, ninunue cha alumini chenye reli ili nifunge tochi. Je, ushauri huo ni sahihi, na nitajuaje kama kishikio cha kampuni nyingine kitaingia?

JIBU: Ndugu msomaji, naomba usiiondoe kamba hiyo kabla ya kuelewa kwa nini iliwekwa. Mtutu wa bunduki yako una urefu wa inchi 14 na kidogo tu, na nyuma hakuna kitako cha kuegemeza begani bali mpini uliopinda, kwa hiyo msukumo wote wa kurudi nyuma wa risasi ya geji 12 unabebwa na mikono miwili. Njia inayofundishwa kuudhibiti ni mkono wa mbele kusukuma kuelekea mdomo wa mtutu huku wa nyuma ukivuta. Sasa fikiria mkono huo unaosukuma ukiteleza: kutoka ukingo wa kishikio hadi kwenye tundu la mtutu ni sentimita chache, na hakuna kitu kingine cha kuuzuia.

Niliwahi kusimama uwanja wa shabaha kando ya mtu aliyekuwa ameikata kamba yake kwa kisu. Glovu zake zilikuwa zimelowa jasho, na baada ya risasi ya tatu, alipokuwa anakoki, niliona ncha ya kidole chake cha shahada imefika usawa wa mdomo wa mtutu. Msimamizi alimsimamisha papo hapo. Tangu siku ile, nikiulizwa kuhusu kishikio cha shotgani fupi, jambo la kwanza ninalolitazama ni kile kinachouzuia mkono usiende mbele. Mengine yote yanafuata.

Kuhusu kuchelewa, huenda umeikaza kamba mno. Ilegeze kiasi cha kiganja kuingia na kutoka bila kuvuta, kisha fanya mazoezi ya kuutoa mkono bunduki ikiwa tupu. Ikiwa bado huipendi, nunua kishikio cha plastiki ngumu chenye kizuizi kilichoinuka upande wa mbele, kama kile cha Magpul, ambacho kina vizuizi mbele na nyuma. Hata hivyo, mimi naiamini kamba zaidi, kwa sababu mkono uliolowa unaweza kupanda juu ya kizuizi lakini hauwezi kuivuka kamba.

Reli ya alumini siipendekezi. Kingo zake zinakwaruza kiganja, inaongeza uzito mbele, na bado haizuii mkono kuteleza. Kama unahitaji mwanga, ni heri ununue kishikio kilichotengenezwa pamoja na tochi, mfano TL-Racker ya Streamlight, yenye mwanga wa lumeni 1,000 na betri mbili za CR123A, ambayo swichi yake iko chini ya vidole na haina waya wa kunasa. Fahamu tu kwamba mwanga wake unasogea kila unapokoki, na kwamba popote unapomulika ndipo mtutu ulipoelekea. Kama nyumbani kuna watoto, weka pia tochi ya mkononi kando ya kitanda. Mlango wa chumba cha mtoto haumulikwi kwa bunduki.

Kuhusu kuingia au kutoingia, jina la bunduki pekee halitoshi. Kishikio cha Mossberg kinakaa juu ya bomba la chuma lililoungana na vyuma vinavyosukuma kufuli ya bunduki (chuma kinachofunga nyuma ya risasi), na mabomba hayo hayana urefu mmoja: lipo la inchi 7 na robo tatu, na lipo fupi la inchi 6 na 5/8. Pima la kwako kwanza, halafu soma muuzaji ameandika nini. Kama umefunga kibebeo cha risasi ubavuni, angalia pia upande wa nyuma, maana kishikio kirefu kitakigonga kabla ya kufika mwisho na ganda halitatoka.

Kisheria, serikali ya shirikisho haijali unabadilisha kishikio gani cha mlalo, lakini usishawishike kufunga kitako cha begani, kwa kuwa kwa mtutu ulio chini ya inchi 18 silaha yako itaingia katika sheria ya shirikisho ya silaha ya mwaka 1934 (National Firearms Act) inayodai usajili. Sheria za majimbo hutofautiana, kwa hiyo ukihama Texas uliza upya.

Unapobadilisha, toa risasi zote na uzipeleke chumba kingine, kisha tazama chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kwa macho na uipapase kwa kidole. Fungua mtutu, halafu nati ya mbele ya bomba la kishikio, ambayo ina mapengo mawili na inahitaji spana yake maalumu. Bisibisi na nyundo vitaiharibu. Ukishafunga, koki mara nyingi kwa risasi bandia na uhakikishe kila moja inaingia na kuruka nje, kisha ikaze nati tena kabla ya kwenda uwanjani.