Maswali na majibu: Waigizaji wanaochelewa na wasiokuja

Ninaongoza kikundi cha vijana 14 hapa Likoni. Mazoezi ni Jumamosi saa tisa alasiri, lakini hadi saa kumi huwa nina watu sita tu. Wamenichosha. Niwafukuze?

Kabla hujamfukuza mtu, jiulize: wale wanaofika saa tisa kamili huwa unawafanyia nini? Ikiwa unawakalisha kuwangojea wenzao, basi umewafunza wote kwamba saa tisa ni saa kumi. Anza na waliopo, hata wakiwa watatu. Fanyeni mazoezi ya sauti, kisha mpitie kipande chenye wahusika wawili. Anayekuta kazi imeshapamba moto huona haya mwenyewe, bila wewe kufungua kinywa.

Pia usimwite mtu aje akae tu. Mwenye mistari miwili mwisho wa igizo, ukimwita saa tisa aje kusimama jukwaani saa kumi na mbili, mara ya tatu humwoni. Na kuna suala la nauli. Feri ya Likoni haimtozi anayevuka kwa miguu, lakini matatu ya kumfikisha kivukoni inatoza, kwenda na kurudi. Kijana hasemi mbele ya wenzake kwamba hana pesa, husema anaumwa. Muulize faraghani.

Mwaka 1977 kule Kamirithu, Limuru, wakulima na wafanyakazi waliigiza tamthilia iliyoandikwa kwa Kikuyu na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yao yaliwekwa Jumamosi na Jumapili alasiri ili yasigongane na kazi zao, tena yalifanyika mahali wazi, wanakijiji wakitazama na kukosoa. Hata ukumbi waliujenga kwa mikono yao. Saa za mazoezi zilifuata maisha ya waigizaji. Hiyo saa tisa yako mliichagua pamoja, au uliwatangazia?

Binti yangu yuko kidato cha tatu na anapenda kuigiza. Hurudi nyumbani Kisauni saa mbili usiku. Nimkataze?

Usimkataze, mama. Mwombe mwongozaji ratiba ya mwezi mzima na namba yake ya simu, kisha mwambie wazi kwamba mwanao aondoke kabla ya magharibi. Mwongozaji anayekasirikia ombi hilo hafai kukabidhiwa mtoto wa mtu.

Nina miaka 20, naishi Malindi. Wiki moja kabla ya kuigiza nilipata kibarua hotelini, nikaacha kwenda mazoezini. Sasa mwongozaji hajibu salamu zangu. Nilikosa?

Kuchukua kibarua si kosa. Nyumbani kunasubiriwa unga, na hakuna kikundi cha kujitolea chenye haki ya kukudai uukatae mshahara. Kosa, mwanangu, ni kunyamaza. Ungempigia simu siku ile ile, angekuwa na wiki nzima ya kumwandaa mwingine.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu yalinipata. Siku ya kuigiza, watazamaji wameshakaa vitini, mhusika wetu mkuu alizima simu. Niliingia jukwaani mimi, mswada mkononi, kanzu ya maleba, yaani vazi la kuigizia, ikinibana mabega, nikasoma mistari yake hadi mwisho. Binti aliyekuwa akiigiza nami alikuwa amejifunza sehemu yake kwa miezi miwili. Alilia nyuma ya pazia, na hadi leo sijui nilipaswa kumwambia nini.

Miezi kadhaa baadaye yule kijana alinijia. Alikuwa hajaikariri sehemu ya tatu ya igizo, akaogopa kuaibika. Mimi nilikuwa nimemsikia akibabaika wiki tatu mfululizo, nikamkemea tu badala ya kukaa naye. Tangu siku hiyo kila mhusika mkubwa ana mwigizaji wa akiba anayefanya mazoezi kwa zamu, na tarehe ya kuiweka miswada chini na kuigiza bila kusoma huwa wiki tatu kabla ya kuigiza. Anayekwama tunamjua mapema.

Nenda ukamwone mwongozaji wako uso kwa uso. Usimwandikie ujumbe.

Tukiwatoza faini ya shilingi 50 wanaochelewa, itasaidia?

Hapana. Aliyechelewa kwa kukosa nauli mtamfukuza kabisa, na mwenye pesa ataona ameununua uchelewaji wake.

Mimi ni mwalimu mstaafu, Kilifi. Vijana wa siku hizi hawana msimamo. Tuseme ukweli.

Sikubaliani nawe, mwalimu. Tamasha la maigizo la shule za Kenya limekuwapo tangu 1959, na wanafunzi hupanda ngazi kwa ngazi hadi taifani, hufika mazoezini alfajiri, na hukariri kurasa kwa kurasa. Ni vijana hawa hawa. Baada ya kidato cha nne, kengele, chakula cha mchana, basi la shule na mwalimu mlezi huondoka kwa siku moja, kisha tunashangaa wakiyumba.

Nimewaona wakisimama tena wanapokabidhiwa kitu: huyu maleba, yule daftari la mahudhurio, mwingine funguo za ukumbi. Mwenye funguo hachelewi, maana wenzake wamesimama mlangoni juani. Bila shaka mtaani kwako kuna kikundi kinachokosa mtu mzima wa kukaa nacho Jumamosi. Wewe unajua kazi hiyo kuliko mimi. Wakiwa tayari kukupokea, utaenda?